Linux imegoma kwenye kompyuta kuukuu: utafute kosa, uhamie distro nyepesi, au ufungue boksi?

Mama mdogo alinipigia saa mbili usiku. "Mwanangu, hiki kidude chako kimeandika maneno meupe mengi halafu kimenyamaza. Nikizime?"

Mchana nilikuwa nimemwachia flashi yenye Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na maelezo ya hatua kwa hatua kwenye karatasi ya daftari, nikaondoka nikijua kazi imekwisha. Kompyuta yenyewe ni ya mezani: prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski ya GB 160, na ilimfikia ikiwa imeshatumika miaka mingi kwenye ofisi ya watu. Windows 10 iliyokuwemo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiitaki mashine ya namna hii, maana inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, karibu prosesa zote zinazokubalika zinaanzia kizazi cha 8.

Kama nawe umefika hapo, umejaribu Linux na imegoma, una njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na distro uliyonayo (yaani aina ya Linux, kama Mint) na kulisaka kosa. Ya pili ni kuhamia distro nyepesi. Ya tatu ni kufungua boksi, lile ambalo wengi wetu tunaliita CPU, na kubadilisha kifaa ndani. Mafundi wa mtaani wana ya nne, "lete nikupigie Windows", lakini kwa mashine hii ina maana ya kurudi kwenye mfumo uleule uliokwisha muda, kwa hiyo naiacha.

Tutakachopimia

Nitaziweka zote tatu kwenye mizani moja: pesa, muda na bando, ujuzi unaotakiwa, usalama wa mafaili yaliyomo, na hali utakayobaki nayo baada ya kompyuta kuwaka. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika sana. Kompyuta inaweza kukubali Linux Jumamosi, na Jumatatu mwenye nayo akairudishia kitambaa kwa sababu ukurasa mmoja wa intaneti unafunguka kwa dakika mbili.

Kabla ya kuchagua, piga picha ya kioo pale ilipokwama. Usiniambie "imegoma", niambie imegomea wapi. Je, haikuiona flashi kabisa? Ilionyesha menyu ya kwanza kisha kioo kikawa cheusi? Ilikufa katikati ya kunakili mafaili? Au ilimaliza vizuri, ukaambiwa uwashe upya, kisha ikakataa? Hayo ni magonjwa manne tofauti.

Njia ya kwanza: kubaki hapohapo na kulisaka kosa

Mama mdogo nilimwambia asome mstari wa mwisho. Akaanza kuutamka herufi kwa herufi, mabano na yote: (initramfs). Neno hilo linasema mengi. Kompyuta inapowaka, BIOS, programu iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, ndiyo inayosoma flashi na kupakia kerneli, kiini cha Linux. Kerneli ikishashika usukani inaachana na BIOS na kuitafuta flashi upya kwa draiva zake yenyewe, yaani programu za kuongoza vifaa. Isipoipata, inasimama kwenye mstari huo na kungoja amri. Kwa hiyo hapo Linux haijakataa kompyuta. Imepotezana na flashi yake. Sababu huwa ni faili la ISO (lile la distro unalolipakua) lililoshuka nusunusu, flashi iliyoandikwa vibaya, au tundu la USB lililochoka. Matundu ya mbele ya mashine za zamani yameunganishwa kwa kijiwaya kinachokwenda mpaka kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na ndiyo yanayochomekwa kila siku. Ya nyuma yamekaa kwenye mazabodi yenyewe. Anza na ya nyuma.

Faili la ISO nalo hupimwa. Kila distro huweka pembeni ya faili lake namba ndefu ya SHA256, herufi na tarakimu 64. Kwenye Linux unaandika sha256sum na jina la faili. Kwenye Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Herufi moja ikitofautiana, futa upakue tena. Inakera, lakini ni dakika mbili, na inakuepusha na jioni nzima ya kubahatisha.

Ugonjwa wa pili ni kioo cheusi baada ya menyu. Mara nyingi ni kadi ya picha: kerneli inajaribu kuipangia ukubwa wa picha na kadi haiielewi. Kwenye menyu ya flashi ya Mint kuna chaguo la compatibility mode, lichague hilo. Kwenye distro nyingine, simama kwenye mstari wa kuwasha, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni, kisha F10. Hiyo ni ya mara moja tu. Ukimaliza kusakinisha itabidi uirudie, au uiandike kwenye /etc/default/grub na kufuatisha sudo update-grub. Ujue na gharama yake: nomodeset huondoa msaada wa kadi ya picha, kwa hiyo video zinaweza kukatakata na maandishi yakaonekana makubwa kupita kiasi. Ichukulie kama mkongojo wa kukufikisha ndani, halafu utafute draiva inayofaa.

Ugonjwa wa kusakinisha ukaisha salama kisha kompyuta ikakataa kuwaka unaweza kutokana na kipakiaji cha GRUB, programu inayoiwasha Linux, kuwekwa kwenye diski isiyo yenyewe. Kwenye baadhi ya mashine za BIOS, flashi huhesabiwa kuwa diski ya kwanza, sda, na diski halisi ikawa sdb. Usiamini herufi, amini ukubwa. Andika lsblk: diski inayouzwa kama GB 160 itasomeka 149G, na flashi ya GB 8 itasomeka 7 na kitu. Ukiona GRUB imekwenda kwenye flashi, iwashe tena kwa flashi hiyohiyo na kuiweka upya panapostahili. Programu ya Boot-Repair inaifanya kazi hiyo kwa kubofya.

Pesa. Hakuna, au bei ya flashi mpya.

Muda na bando. Bando dogo sana, isipokuwa ISO iwe mbovu. Muda ndio unaoliwa: kosa la kawaida ni nusu saa, kosa la ajabu ni wikendi nzima na chai tatu.

Ujuzi. Kuingia kwenye BIOS kwa F2, F12, Esc au Del, kusoma Kiingereza cha kwenye kioo bila kuogopa, na subira ya kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu ikawaka, hutajua ni lipi lililoponya.

Mafaili. Yako salama madhali hujabonyeza chaguo la kufuta diski. Kwa kuwa Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, tumia nafasi hiyo kunakili picha na hati kwenda kwenye diski ya nje kabla hujagusa chochote.

Baada ya hapo. Unapata mfumo uliouchagua, wenye jumuiya kubwa na majibu mengi ya kutafuta. Uzito wake hata hivyo uko palepale. Mint wenyewe wanataja RAM ya GB 2 kuwa ya chini na GB 4 kwa matumizi ya raha.

Inamfaa mwenye kompyuta iliyokwama kwenye kuwaka, yenye RAM ya kutosha, na ambaye jioni yake haina haraka.

Njia ya pili: kuhamia distro nyepesi

Nakiri kwamba na mimi nilikimbilia hapa kwanza. Kesho yake nilipakua antiX, distro nyepesi, kwa bando langu, nikaiandika kwenye flashi ileile, nikaichomeka kwenye tundu lilelile la mbele. Ikagoma. Ikaniambia kwa maneno yake kwamba haioni faili la linuxfs. Ugonjwa ni uleule kwa lahaja nyingine. Distro mbili tofauti zikikwama hatua ileile, ya tatu usiipakue. Geukia flashi, tundu au kifaa.

Lakini ipo hali ambayo njia hii ndiyo yenyewe, na inaanza na swali moja: prosesa ni ya biti 64 au 32? Hapa jina linaweza kukudanganya. Core 2 Duo zote ni za biti 64. Core Duo, bila ile 2, ni ya biti 32, na zote mbili zilitoka mwaka uleule wa 2006. Kama mashine inawaka, andika lscpu uangalie mstari wa CPU op-mode. Ikiwa ni 32 pekee, orodha yako imekwishafupishwa: Mint ya kawaida iliacha biti 32 baada ya toleo la 19.3, distro ya Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Chrome iliziacha Linux za biti 32 tangu Machi 2016. Zilizobaki ni kama antiX 23, inayosimama juu ya Debian 12, na baadhi ya matoleo ya Puppy.

Tuziangalie kidogo, maana "nyepesi" ni neno pana. Mint yenye Xfce (mazingira mepesi ya mezani) na Lubuntu ni nyepesi kwa kipimo cha leo, na mtu aliyetoka Windows hatapotea. antiX iko chini zaidi: wanaoitengeneza wanapendekeza angalau MB 512 za RAM, inatumia IceWM badala ya mazingira kamili ya mezani, na mwonekano wake unawakumbusha watu kompyuta za chuo za miaka ya 2000. Puppy, aliyoianzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, hujipakia nzima kwenye RAM. Unaweza kuitumia bila diski kabisa, nayo huhifadhi kazi zako kwenye faili moja maalumu. Kwa mashine ambayo diski yake imekufa na pesa haipo, sijaona mbadala mzuri kuliko huu.

Pesa. Hakuna.

Muda na bando. Hapa ndipo panapouma. ISO ya Mint ni karibu GB 3. Puppy nyingi ziko chini ya GB 1. Debian ndogo ya netinst nayo iko chini ya GB 1, lakini usidanganyike: inaendelea kuvuta vitu kwenye intaneti wakati wa kusakinisha. Ukijaribu distro nne mfululizo, umekula bando la mwezi.

Ujuzi. Kusakinisha ni rahisi, kuzoea ndiko kugumu. Mtu aliyezoea batani ya Start atauliza maswali kwa wiki mbili, na atakayejibu ni wewe.

Mafaili. Hatari ni kubwa kidogo kuliko njia ya kwanza, kwa kuwa unapitia kisakinishi kipya chenye maneno mapya, na Debian na antiX huuliza habari za patisheni (vigawanyo vya diski) kwa namna isiyofanana na ya Mint. Nakili kwanza.

Baada ya hapo. Mfumo unakuwa mwepesi, kurasa za intaneti hazipungui uzito. Mtu mwenye GB 1 ya RAM ataona mezani pamefunguka kama umeme, kisha akifungua vichupo vitatu vya Firefox mashine inaganda. Kwa biti 32 kuna na saa inayohesabu: Firefox 144 ndiyo ya mwisho kuzihudumia Linux hizo, ukiondoa tawi la ESR 140 (toleo la kuhudumiwa muda mrefu) lililoongezewa muda.

Inamfaa mwenye prosesa ya zamani kweli, RAM isiyoongezeka, au kazi nyembamba: kuandika barua, kuchapisha, kusikiliza muziki, kumfundisha mtoto kibodi.

Njia ya tatu: kufungua boksi

Chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwasha mara moja kumaliza chaji iliyobaki, kisha shika bisibisi. Pengine kitu cha kwanza utakachokiona ni vumbi. Kompyuta inayozima yenyewe katikati ya kusakinisha, kila mara baada ya dakika zinazokaribiana, huenda inazidiwa na joto tu. Mpelekee fundi mwenye blowa kabla hujalaumu Linux.

Kisha angalia betri ya duara, CR2032 ya volti 3, ambayo bei yake haifikii sahani ya chipsi mayai. Ikifa, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi kila unapochomoa umeme. Madhara yake hayafanani kabisa na betri mbovu: kivinjari kinadai kila tovuti si salama, na apt (programu ya Linux ya kupakua masasisho) inakataa masasisho ikisema faili la Release bado halijaanza kutumika. Jirani yangu mmoja alibadilisha distro mara mbili kwa ajili ya hili. Kompyuta yake iliamini ni mwaka 2009.

RAM huchomolewa, meno yake yanayong'aa upande wa chini yakasuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha ikarudishwa mpaka vile vibanio vilie. Ikiwa bado inaganda ovyo, iache Memtest86+ (programu ya kupima RAM) ipite mzunguko mzima, usiku ukitaka. Kosa hata moja linatosha kuihukumu. Ukienda kununua ya kuongeza, jua aina kwanza kwa sudo dmidecode -t memory. DDR2 na DDR3, vizazi viwili vya RAM, zina pini 240 zote mbili, ila kijinafasi cha katikati hakiko mahali pamoja, na ukilazimisha utavunja. Mazabodi nyingi za enzi ya Core 2 Duo zenye matundu mawili huishia GB 4.

Halafu diski. Isome kwa smartctl -a au programu ya Disks. Namba iliyo kwenye Reallocated au Pending sectors (sehemu mbovu za diski) ikiwa inapanda kila wiki, diski inaaga, na hakuna distro itakayoitibu. SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya SATA, aina ya plagi za diski, hukaa kwenye plagi zilezile, hata kama mazabodi ni ya kizazi cha pili cha SATA. Isipokuwa ukute waya mpana bapa kama utepe: hiyo ni IDE, na SSD ya kawaida haitaingia.

Pesa. Ndiyo njia pekee yenye gharama ya kweli. Betri na blowa ni pesa ya mfukoni, SSD ndiyo inayokula.

Muda na bando. Kubadilisha ni saa moja. Kutafuta DDR2 nzima madukani kunaweza kuchukua wiki, maana nyingi zimetolewa kwenye mashine nyingine na hazijapimwa.

Ujuzi. Mkono mwepesi kuliko kichwa chepesi. Piga picha nyaya kabla ya kuchomoa.

Mafaili. Ukiweka SSD mpya na kuitoa diski ya zamani, hii ndiyo salama kuliko zote: mafaili yamebaki kwenye diski yao, kabatini.

Baada ya hapo. Tofauti inaonekana kwa macho. Hata hivyo unaweka pesa kwenye mazabodi ya zamani. Ukiziona kapasita zimevimba vichwa kama maandazi, funga boksi na usinunue kitu. Kilicho kizuri ni kwamba SSD itahama nawe kwenda kompyuta nyingine, DDR2 haitahama.

Inamfaa anayetaka kompyuta ya kutumiwa kila siku na mtu asiye fundi, na ambaye mazabodi yake bado ni nzima.

Kwa hali yako

Kama flashi haionekani kabisa, au umeangukia kwenye (initramfs): njia ya kwanza, tundu la nyuma, flashi nyingine. Kwenye BIOS angalia pia orodha ya diski kuu, kwa sababu baadhi huiweka flashi humo, wala huioni kwenye orodha ya USB.

Kama ni kioo cheusi baada ya menyu: njia ya kwanza, nomodeset.

Kama imewaka vizuri ila haioni Wi-Fi: usihame distro. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kipengele cha simu cha kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Kisha pakua draiva ya Wi-Fi. Zima kwanza masasisho yanayojipakua yenyewe ili bando lisiondoke lote.

Kama prosesa ni ya biti 32, au RAM ni GB 1 na mazabodi haipokei zaidi: njia ya pili, moja kwa moja.

Kama inazima, inaganda mahali tofauti kila safari, au tarehe inajirudisha: njia ya tatu, na uanzie na vumbi na betri kabla ya kufikiria SSD.

Kama ni nzima lakini nzito, RAM ni GB 2 na pesa ipo kidogo: SSD kwanza au RAM kwanza? Kwa anayefungua vichupo vingi ningeanza na RAM. Kwa anayelalamikia kuwaka na kufungua programu, SSD. Kama pesa haipo, Lubuntu au antiX itasogeza siku.

Kama ndani kuna picha za familia ambazo hazipo kwingine, njia zote tatu zisubiri mpaka zinakiliwe.

Ya mama mdogo iliponea kwenye tundu la nyuma, kwa Mint ileile ya mwanzo. Miezi miwili baadaye nikamwekea SSD, kwa sababu alikuwa akiiwasha kisha anakwenda kuosha vyombo ikiendelea kufunguka. Sasa analalamika kwamba haimpi muda wa kuosha vyombo.